Mkosaji hatari na tarehe ya kurudi kortini: Norwe, Ujerumani, Queensland, Uingereza au Afrika Kusini?

Juni 2003, katika jimbo la Queensland nchini Australia, mtu aliyekuwa akitumikia miaka 14 kwa ubakaji alifika siku yake ya mwisho, na lango halikufunguliwa. Mwezi huohuo jimbo lilikuwa limeanza kutumia sheria mpya. Sheria hiyo inamruhusu Mwanasheria Mkuu kuiomba Mahakama Kuu imzuie mfungwa wa makosa ya kingono hata baada ya kifungo kwisha, ikiwa bado ni tishio kubwa kwa jamii. Mtu huyo hakuwa ameshtakiwa kwa kosa jipya. Alizuiwa kwa lile ambalo angeweza kulitenda akitoka.

Habari kama hiyo huwagawa watu papo hapo. Mzazi ambaye mtoto wake ameumizwa husema na abaki humohumo. Wakili wa wafungwa husema kosa moja haliadhibiwi mara mbili. Wote wawili wana haki ya kusikilizwa, ila naona mabishano yao huishia mapema mno. Kumzuia au kutomzuia ni nusu ya swali. Nusu ya pili, ambayo mijadala mingi huipitia juujuu, ni hii: akishazuiwa, nani atamtazama tena, lini, kwa ushahidi gani, na asipotazamwa na yeyote, anabaki au anatoka?

Ulinganisho huu ni wa kumsaidia anayelazimika kuchagua: mbunge anayeandaa muswada, wakili anayetafuta hoja ya kumpelekea jaji, mtetezi wa waathiriwa, hata ndugu wa mfungwa anayetaka kujua aombe nini. Nimechukua nchi zilizojaribu njia tofauti kwa muda wa kutosha kuonekana zilipofaulu na zilipoumiza watu. Kenya, Uganda na Tanzania zimo pia, kwa sababu kizuizi kisicho na mwisho kwetu kipo tayari, ila kinaitwa kwa majina mengine. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili msomaji aupime. Nakubali kwamba wapo watu wachache ambao jamii ina haki ya kuwazuia kuliko urefu wa kosa lao. Sikubali kizuizi chochote ambacho amri yake haina tarehe ya kumrudisha mtu mbele ya jaji.

Wote wakinyamaza, inakuwaje?

Swali hili nalitanguliza kwa sababu gereza ni mahali pa kusahaulika. Jalada hupotea, afisa huhamishwa, daktari hustaafu. Ubora wa sheria hujulikana siku ambayo hakuna aliyekumbuka.

Norwe imelijibu vizuri kuliko nchi nyingine zote katika ulinganisho huu. Huko mkosaji hatari hapewi kifungo cha kawaida. Anapewa kizuizi cha usalama, ambacho kwa sura yake ya sasa kilianza kutumika mwaka 2002. Jaji hupanga muda wa juu, kwa kawaida usiozidi miaka 15 na mwisho wake 21, isipokuwa makosa machache mazito kabisa, kama ugaidi, ambayo sasa yanaweza kufika 30. Hupanga pia muda wa chini ambao kabla yake mtu hawezi kuomba kutoka. Muda wa juu ukikaribia kwisha, mwendesha mashtaka anayetaka mtu aendelee kuzuiwa lazima apeleke maombi mahakamani angalau miezi mitatu kabla. Mahakama ikikubali, inaongeza muda usiozidi miaka mitano. Mitano ikiisha, mwendesha mashtaka anarudi tena kujieleza. Hakuna idadi ya mwisho ya marudio hayo, kwa hiyo mtu anaweza kufia humo. Lakini mwendesha mashtaka asipokwenda mahakamani, mtu anatoka. Kimya cha serikali kinafungua lango.

Anders Behring Breivik, aliyeua watu 77 tarehe 22 Julai 2011, alihukumiwa kwa njia hii mwaka 2012: miaka 21, na muda wa chini miaka 10. Wengi nje ya Norwe walisikia hiyo 21 wakashtuka, wakidhani ni siku ya kutoka. Ukweli ni kwamba miaka hiyo ikiisha serikali itapaswa kwenda kortini ikiwa na ushahidi mpya, na kwa mtu aliyetenda aliyoyatenda yeye sioni atakayekosa kuukusanya.

Ujerumani inajibu kwa namna nyingine. Mahakama yenyewe, bila kuombwa na mtu, inalazimika kupitia kizuizi kila mwaka, na kikifika miaka kumi, kila miezi tisa. Hata kabla hakijaanza, kifungo cha kawaida kinapokaribia kwisha, mahakama huuliza kama bado kinahitajika. Ukihesabu vikao, mfungwa wa Ujerumani hutazamwa mara nyingi kuliko wa Norwe. Hata hivyo mahakama ikichelewa, lango halifunguki. Kuchelewa huko kunaweza kuwa ukiukaji wa haki, mtu akalalamika, huku akiendelea kukaa. Queensland vilevile: Mwanasheria Mkuu ana wajibu wa kurudisha kesi ndani ya miaka miwili ya kwanza, kisha kila mwaka, ila amri haina ukomo wake, inadumu hadi jaji aifute. Uingereza, ambako nitarudi kwa urefu, waziri hupeleka jalada kwa Bodi ya Parole, inayoamua kama mfungwa anaweza kutolewa, angalau kila miaka miwili, na huko pia kimya humbakiza mtu ndani.

Kwetu kimya kimezoeleka zaidi. Nchini Kenya, mtu aliyetenda kosa akiwa mgonjwa wa akili huandikwa kwamba ana hatia lakini hakuwa na akili timamu, na kifungu cha 166 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kikamweka kizuizini kwa hiari ya Rais. Mkuu wa gereza au hospitali anatakiwa kuandika ripoti baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, ipitie kwa waziri hadi ifike kwa Rais. Kwenye karatasi hayo ni mapitio. Lakini jaji hayumo. Hakuna kikao ambacho mtu anasimama na wakili wake, wala tarehe ambayo jibu lazima litoke. Tanzania, katika sheria yake ya mwaka 1985, ilimweka waziri mahali pa Rais. Uganda pia iliacha amri mikononi mwa waziri, na watu wakakaa magerezani miaka mingi wakiingoja.

Najua mgonjwa wa akili na mbakaji sugu si mtu mmoja, na sitaki ubaya wa huyu uhesabiwe kwa yule. Nawataja pamoja kwa sababu wanashiriki hali moja ya kisheria: wamezuiwa kwa hofu ya kesho, bila hesabu ya miaka.

Shaka ikibaki, ni ya nani?

Hakuna daktari anayeweza kuapa kwamba fulani atabaka tena. Anachoweza kusema ni kwamba watu wenye historia kama yake, umri kama wake na ulevi kama wake hurudia kosa kwa kiwango fulani. Kwa hiyo karibu kila kikao cha mapitio hufika mwisho kikiwa na shaka, na sheria inabidi iseme nani anaibeba.

Queensland imeiweka kwa serikali. Jaji anatakiwa kuridhika, kwa ushahidi unaokubalika na wenye uzito, tena kwa kiwango cha juu cha uwezekano, kwamba mtu ni tishio kubwa. Madaktari wawili wa magonjwa ya akili huandika ripoti zao. Mapitio ya baadaye hutumia kipimo hichohicho, na mzigo haumhamii mfungwa kwa sababu tu aliwahi kushindwa mwaka uliopita. Kuna na njia ya katikati, ambayo naipenda: jaji anaweza kumtoa mtu chini ya amri ya usimamizi, yenye masharti ya wapi aishi, nani asimkaribie, na kifaa cha kufuatilia mienendo yake. Jaji asiye na njia ya katikati, akiwa na picha ya mtoto aliyeumizwa mbele yake, atachagua gereza kila siku. Nisingemlaumu.

Uingereza iliiweka shaka kwa mfungwa, na matokeo yake yanapaswa kusomwa na kila mbunge kabla hajapiga kura. Kuanzia Aprili 2005 majaji walitoa kifungo kisicho na ukomo kwa ajili ya ulinzi wa umma. Mtu hutumikia muda wa chini, kisha hatoki hadi Bodi ya Parole iridhike kwamba usalama wa umma hauhitaji tena afungwe. Sharti hilo lisomwe polepole: bodi ikiwa haina uhakika, jibu ni abaki. Serikali ilitarajia adhabu hiyo iwaguse mamia. Ilitolewa mara 8,711. Wapo waliopewa muda wa chini wa miezi, si miaka, wakakaa miaka na miaka, kwa sababu hawakuweza kuthibitisha jambo ambalo halijatokea.

Mwaka 2012 bunge liliifuta adhabu hiyo, ila kwa ajili ya wale ambao wangehukumiwa baadaye. Waliokwisha kuipata walibaki nayo. Mwaka 2024 zaidi ya 2,500 walikuwa bado ndani: wengine hawajawahi kutoka hata siku moja, wengine walitoka wakarudishwa kwa kuvunja masharti. Baadhi yao wamejiua. Kamati ya Haki ya bunge lenyewe ilipendekeza mwaka 2022 kwamba wote wahukumiwe upya, serikali ikakataa. Mwaka 2024 sheria ililegeza masharti ya waliotoka, ikapunguza miaka wanayofuatiliwa nje kabla hawajaweza kuachiliwa kabisa, lakini mtu aliye ndani bado anatakiwa kuishawishi bodi kama zamani.

Nimewahi kusikia hoja kwamba Uingereza ilikosea kwa kuwachukua watu wengi mno, na kwamba utaratibu wenyewe ulikuwa sawa. Siikubali. Adhabu ilichukua watu wengi mno kwa sababu sheria iliwafunga mikono majaji: awali ilimtaka jaji amchukulie mtu kuwa hatari ikiwa alishawahi kutiwa hatiani kwa kosa la aina hiyo, ila kama kufanya hivyo kungekuwa kinyume cha akili. Marekebisho ya 2008 yaliwarudishia majaji uhuru, maelfu wakiwa wamekwisha kuingia. Pale shaka inapobebwa na mfungwa mlangoni pa kuingilia na mlangoni pa kutokea, idadi haiwezi kubaki ndogo.

Kati ya kikao na kikao

Hapa ndipo ningemwomba anayechagua akae zaidi, maana mapitio bila matibabu ni kumuuliza mtu swali lilelile kila mwaka bila kumfundisha jibu.

Kizuizi cha usalama kiliingia katika sheria ya Ujerumani Novemba 1933, miezi michache baada ya Wanazi kushika madaraka, na baada ya vita kikabaki. Kwa muda mrefu mtu aliyewekwa humo kwa mara ya kwanza hakuweza kuzidi miaka kumi. Mwaka 1998 kikomo hicho kikaondolewa, hata kwa waliokuwa ndani tayari. Mmoja wao, aliyehukumiwa mwaka 1986 miaka mitano pamoja na kizuizi, alipeleka kesi Strasbourg. Tarehe 17 Desemba 2009 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikampa haki. Ilisema kwamba mtu anayekaa katika gereza lilelile la kawaida, akiwa na nafuu ndogondogo kama kuvaa nguo zake mwenyewe, anaadhibiwa, hata sheria ikikiita kizuizi hicho jina zuri namna gani. Na adhabu hairefushwi baada ya hukumu kutoka.

Mei 2011 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, iliyoko Karlsruhe, ilikwenda mbali zaidi, ikabatilisha vifungu vyote vya kizuizi hicho na kuipa serikali hadi mwisho wa Mei 2013 kuviandika upya. Hoja yake imenikaa moyoni: mtu huyu ameshamaliza adhabu, sasa ananyimwa uhuru kwa faida ya wengine, kwa hiyo wanaofaidika wana deni kwake. Maisha yake ndani lazima yatofautiane waziwazi na ya mfungwa, na kila kinachofanywa kimwelekeze kutoka. Magereza yakajenga nyumba mpya, kama ile ya Tegel mjini Berlin, zenye vyumba vikubwa na mahali pa kupika.

Vyumba ni jambo jema, lakini meno ya sheria mpya yako kwingine. Katika mapitio, jaji anatakiwa pia kuuliza kama gereza limempa mtu huyu tiba inayomfaa. Kama halijampa, jaji huliwekea muda usiozidi miezi sita. Muda ukipita bila tiba, mtu anatoka chini ya usimamizi. Zaidi ya hapo, mtu anapokuwa bado anatumikia kifungo chake cha kawaida, mahakama hukagua kila baada ya miaka miwili kama tiba imeanza, ili asifike mlangoni pa kizuizi akiwa hajasaidiwa. Kwa hiyo serikali nayo inakaguliwa siku ya mapitio.

Lenye kinyume cha hayo ni gereza la Uingereza la miaka ile. Wafungwa wa kifungo kisicho na ukomo waliambiwa kwamba njia ya kuionyesha bodi mabadiliko ni kuhudhuria kozi fulani, na kozi hizo katika magereza mengi hazikuwapo. Watatu walikwenda Strasbourg, mmoja wao muda wake wa chini ulikuwa miezi tisa. Septemba 2012 mahakama ilisema kuwaweka watu ndani kwa ajili ya usalama huku wakinyimwa njia ya kupunguza hatari yao ni kuwazuia kiholela. Queensland nayo ililaumiwa mwaka 2010 na Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa katika kesi ya mtu yuleyule wa mwaka 2003. Aliwekwa katika gereza lilelile, chini ya kanuni zilezile, na kamati ikaona kwamba hicho ni kifungo cha pili bila kosa la pili. Mahakama ya juu ya Australia ilikuwa imeamua mwaka 2004, kwa majaji sita dhidi ya mmoja, kwamba sheria hiyo haivunji katiba. Nikisoma hoja za pande zote, namwunga mkono yule mmoja kuhusu gereza, na wale sita kuhusu mamlaka ya mahakama.

Atakayependa mfano wa Ujerumani lazima ajue na gharama yake. Baada ya hukumu ya Strasbourg, baadhi ya watu walitolewa ingawa wataalamu walikuwa bado wanawahofia. Mjini Freiburg polisi waliwafuata usiku na mchana, hatua kwa hatua. Wakazi waliogopa, na hofu yao haikuwa ya kudharauliwa. Tafiti za baadaye juu ya watu waliotolewa kwa namna hiyo zilionyesha kwamba wengi wao hawakurudia makosa makubwa. Wengi, lakini si wote. Hilo ndilo linaloumiza katika jambo hili, na hakuna mfumo utakaoliondoa.

Kwetu, tiba ndiyo inayokosekana kuliko kitu chochote. Hospitali za wagonjwa wa akili za Mathari jijini Nairobi, Isanga mkoani Dodoma na Butabika jijini Kampala hubeba mzigo wa nchi nzima, na madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache, wengi wao mijini. Sheria itakayoiga vikao vya Ujerumani bila tiba ya Ujerumani itazaa vikao vitupu.

Jaji, bodi, au mwanasiasa

Hapa sina maneno mengi. Mwanasiasa asiwe na neno la mwisho. Mwaka 1994 bunge la jimbo la New South Wales lilitunga sheria ya kumzuia mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, na mahakama ya juu ya Australia ikaifuta mwaka 1996. Mwaka 2013 Queensland, ikiwa imechoka kuona majaji wakiwatoa watu chini ya usimamizi, ilijipa mamlaka ya kuwarudisha ndani kwa tangazo la serikali. Mahakama ya Rufaa ya jimbo ikayabatilisha mamlaka hayo kabla mwaka haujaisha. Katika nchi zetu, kuanzia katikati ya miaka ya 2010, majaji kadhaa wa Mahakama Kuu ya Kenya wamesema kwamba kizuizi kwa hiari ya Rais kinagongana na Katiba ya 2010, kwa kuwa kinampa mtendaji kazi ya hakimu. Mwaka 2015 jaji wa Mahakama Kuu ya Uganda katika kituo cha Fort Portal alikataa kuendelea kungoja amri ya waziri, akaamua kwamba ni kazi ya mahakama kutoa amri hizo.

Bodi ya parole si mbaya kwa asili yake. Ina wataalamu, ni nafuu, na inaweza kufika magerezani. Lakini Kanada ilimwacha mtu ndani kwa miaka 37, bodi ikipitia na kupitia, hadi Mahakama ya Juu ilipothibitisha mwaka 1990 kwamba atolewe, ikiona kwamba kifungo hicho kilikuwa kimekwisha kuwa ukatili. Bodi ifanye kazi ya kuandaa. Uamuzi wa kuendelea kumnyima mtu uhuru ufanywe na hakimu, hadharani, kwa sababu zilizoandikwa na zinazoweza kukatiwa rufaa.

Kila mwaka, au kwa tarehe iliyopangwa?

Watetezi wenzangu wa haki za wafungwa hupenda mapitio ya kila mwaka. Mimi nimebadilika kidogo kuhusu hilo, na sababu ni waathiriwa.

Januari 2022, muda wa chini wa Breivik ukiwa umepita, mahakama ilikaa katika ukumbi wa mazoezi wa gereza la Skien kusikiliza ombi lake la kutoka. Aliingia akinyanyua mkono kwa salamu ya Kinazi mbele ya kamera. Ombi lilikataliwa Februari 1. Novemba 2024 likasikilizwa tena, katika gereza la Ringerike, likakataliwa tena. Sheria inamruhusu aombe upya mwaka ukishapita. Familia za vijana waliouawa kisiwani Utøya wamelazimika kumwona akipewa jukwaa. Sisemi anyimwe haki hiyo, na naiheshimu Norwe kwa kutopindisha sheria kwa ajili ya mtu mmoja anayechukiwa na wote. Nasema uchungu huo uhesabiwe pale tunapochagua idadi ya vikao.

Afrika Kusini ilichagua njia nyingine, na nashangaa kwamba wanasheria wetu huitaja mara chache, ingawa iko barani petu na inatoka katika mapokeo ya sheria yanayokaribiana na yetu. Tangu miaka ya 1990 sheria yake inamruhusu jaji kumtangaza mtu kuwa mhalifu hatari baada ya uchunguzi wa madaktari, ambao mshtakiwa ana nafasi ya kuupinga. Kifungo huwa hakina ukomo, lakini katika hukumu ileile jaji hutaja muda ambao ukiisha mtu lazima arudishwe mbele ya mahakama iliyomhukumu, ndani ya siku saba. Siku hiyo mahakama hutafakari upya: inathibitisha kifungo na kupanga tarehe nyingine, au inakibadilisha kuwa usimamizi nje ya gereza, au inamwachia huru, kwa masharti au bila masharti. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Rufaa ya nchi hiyo ilikubali kwamba sheria hiyo haivunji katiba, na kule kurudishwa mahakamani kulikuwa na uzito mkubwa katika hoja.

Faida yake kwetu ni dhahiri. Kesi inarudi kwa mahakama inayolijua jalada. Tarehe inajulikana na mfungwa, familia yake, aliyeumizwa na mkuu wa gereza tangu siku ya kwanza. Daktari mmoja anayehudumia mikoa mitatu anaweza kujiandaa kwa kikao kimoja kizito baada ya miaka kadhaa, badala ya kusaini fomu kila mwaka bila kumwona mgonjwa. Kasoro yake ni kwamba muda wa kwanza unaweza kuwa mrefu mno, na kwamba sheria haiweki wajibu wa tiba wenye meno kama ya Ujerumani.

Kipi kichaguliwe na nani

Kama nchi yako ina majaji wa kutosha, wataalamu wa kutosha na fedha, chagua Ujerumani, na uchukue vyote, hasa muda wa miezi sita. Ukichukua vikao ukaacha tiba, bora usichukue.

Kama tatizo lako ni kundi dogo la wafungwa wa makosa ya kingono wanaokaribia kutoka, Queensland ina kipimo cha ushahidi kilichoandikwa vizuri na njia ya usimamizi inayofanya kazi. Usiige gereza lake. Na kama sheria itagusa waliokwisha kuhukumiwa, tegemea kesi ndefu. Mimi ningeianzia kwa hukumu mpya tu, jaji akiwa amemwambia mtu tangu mwanzo kwamba kizuizi kinaweza kufuata.

Mfano wa Uingereza simshauri mtu yeyote.

Kwa Kenya, Tanzania na Uganda, ningechukua mifupa ya Afrika Kusini na kuiongezea kipengele cha Norwe: amri ife yenyewe tarehe ikipita bila mahakama kuirefusha. Najua kitawatisha wengi. Watasema jalada likipotea muuaji atatoka. Jibu langu ni kwamba leo jalada likipotea mtu asiye na hatari tena anazeeka ndani, na hakuna anayetishika. Ofisi ya mwendesha mashtaka ikijua kwamba kusahau kuna gharama kwa umma, itaweka daftari la tarehe na kulifuata. Muda wa kwanza usizidi miaka mitano baada ya kifungo cha kawaida, na kila nyongeza isizidi miaka miwili. Mfungwa awe na ruhusa ya kuomba mapema ikiwa daktari ametoa ripoti mpya inayomuunga mkono, na si kila anapotaka, kwa ajili ya wale walioumizwa. Hao nao wapewe taarifa ya tarehe, wapewe mtu wa kuwaeleza kinachoendelea, na waweze kuwasilisha maoni yao kwa maandishi bila kulazimika kukaa chumba kimoja na aliyewadhuru.

Kenya ina pa kuanzia. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, katika kifungu cha 39 inamruhusu jaji kumtangaza mtu kuwa mkosaji hatari wa kingono na kuamuru usimamizi wa muda mrefu baada ya kutoka gerezani, akiongozwa na ripoti ya afisa wa probesheni. Hiyo ndiyo njia ya katikati ambayo majaji wa Queensland waliikuta muhimu. Kabla ya kuomba bunge kizuizi kipya, ningedai kwanza kifungu hicho kitumike, kipewe maafisa, magari na bajeti, kisha tuone ni wangapi wanabaki ambao kweli hawawezi kusimamiwa nje.

Na wewe wakili ambaye mteja wako yuko Mathari, Isanga, Butabika au gerezani leo akingoja neno la Rais au waziri, usingoje muswada. Mwombe jaji mambo manne katika ombi moja: tarehe ya kikao iandikwe ndani ya amri, ripoti ya daktari ikufikie wewe pia na si wizara peke yake, tiba inayotakiwa itajwe kwa jina na hospitali itakayoitoa, na ombi la kumwendeleza ndani lipelekwe na serikali kabla ya tarehe hiyo. Jaji akikupa lile la kwanza tu, shika nakala yenye muhuri na uiweke tarehe hiyo kwenye diari ya ofisi yako.